Mzazi si kocha wa pili

Kila alasiri hapa Al Amerat, jua likipunguza makali, watoto hujaa viwanjani chini ya majabali. Pembeni husimama baba zao, wengi ni sisi sisi Waswahili, tunapiga kelele: "Piga! Toa pasi! Huoni?" Kocha anasema kushoto, baba anasema kulia. Mtoto wa miaka 9 amsikilize nani?

Ndugu wasomaji, Ali Al-Habsi, golikipa anayejulikana kuliko wote Oman, alikwenda Lyn ya Norway mwaka 2003 akiwa na miaka 21. Bolton ya Uingereza ilimchukua mwaka 2006. Sasa sisi tuna haraka ya nini?

Kazi ya mzazi inajulikana: kumfikisha mtoto mazoezini kwa wakati, kumpa maji ya kutosha kwa joto hili, kuhakikisha amelala vya kutosha, na kumshukuru kocha. Timu ikifungwa, mtoto asihojiwe garini kama mtuhumiwa. Aulizwe tu: "Umefurahi?"

Mtoto anayefokewa na baba yake mbele ya wenzake hachelewi kuuacha mpira. Halafu sisi ndio tutakaosema hakuwa na kipaji.