Kila Homa na Mdudu Wake

Majuzi nilisimama kwenye duka la dawa karibu na stendi, mjini Dodoma, nikisubiri chenji. Akaingia mama amembeba mwanawe mgongoni, kanga imelowa jasho la mtoto. "Kaka, homa imemrudia," alisema. Kijana wa dukani hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono akashusha dawa mseto ya malaria, akachukua mkasi akakata vidonge sita vya antibaotiki, akataja bei. Mama akalipa, akafunga dawa kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Mimi nilibaki na neno lile moja: imemrudia. Katika nchi hii ya Ugogo, homa inayoondoka siku chache kisha ikarejea inaweza kuwa na jina lake mahsusi, ambalo wazee walilijua. Pale dukani hakuna aliyelitaja.

Ndugu zangu, tumekuwa watu wa majina matatu. Mwili ukichemka, ni malaria. Malaria isipoonekana, ni taifodi. Taifodi nayo ikikosekana, basi ni UTI, na mgonjwa anarudi nyumbani na mfuko wa dawa akiwa ameridhika kwamba amepimwa. Mafiga matatu yanatosha kuinjika chungu, lakini hayatoshi kueleza homa zote za dunia. Mwaka 2008 watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8. Na Dodoma kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa. Ukame huu unaotunyima mahindi umewanyima mbu nao pa kuzalia. Kwa hiyo mtu akipata homa hapa kwetu, mara nyingi adui ni mwingine, na sisi tunaendelea kumpiga yule tuliyemzoea.

Sehemu ya lawama nailaza kwenye lugha yetu. Kiswahili kina neno tamu na la hatari: mdudu. "Una wadudu wawili wa malaria," mtu wa maabara anakwambia, nawe unaona umeelewa. Lakini neno hilo limewakusanya chini ya paa moja viumbe wasiohusiana. Kirusi ni kitu kidogo mno, hakiwezi hata kuzaliana mpaka kiingie ndani ya seli ya kiumbe kingine. Bakteria ana seli moja, anajilisha na kujigawa mwenyewe. Kimelea cha malaria nacho kina seli moja, ila ni ukoo mwingine kabisa. Kuna kuvu, na kuna minyoo, ambayo mingine hurefuka kuliko kamba ya ndama. Dawa inayomuua mmoja haimgusi mwingine. Kumpa antibaotiki mtu mwenye mafua ya kirusi ni kumpigia mbuzi gitaa, tena gitaa la gharama, kwa sababu bakteria wengine waliomo mwilini wanausikiliza muziki huo na kuuzoea. Usugu wa dawa huanza hivyo.

Nirudi kwenye homa ya yule mtoto. Sijui alikuwa na nini, wala sidai kujua. Lakini homa inayorudi, kwetu, ingepasa kumkumbusha kila mtu homa ya papasi.

Aliyelala kwenye tembe anamfahamu papasi, kupe wa ndani ya nyumba. Kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la udongo, sakafu ya vumbi, ndama upande wa pili. Mchana humwoni papasi; yumo kwenye nyufa. Ni bapa, wa rangi ya vumbi lenyewe, ngozi imekunjamana. Usiku hutoka, hunyonya kwa nusu saa hivi, hutuna kama mbegu ya nyonyo, kisha hurejea ufani kabla hujaanza kujikuna. Anaweza kukaa miaka bila kula akamsubiri mgeni. Jike akiwa na maradhi huyarithisha mayai yake, hivyo kumponda mmoja kwa kisigino hakuisafishi nyumba.

Anachokiacha mwilini mwako ni bakteria mwembamba aliyejipinda kama skrubu, aitwaye Borrelia duttonii. Jina hilo ni kumbukumbu ya marehemu: Joseph Dutton, daktari Mwingereza, alifariki Kongo mwaka 1905 akiichunguza homa hiyohiyo. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch alikuwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, akiwafukua papasi kwenye sakafu za vibanda walimolala wapagazi kando ya njia za misafara. Na njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza hapa Ugogo. Tuseme basi kwamba papasi wetu wanajulikana duniani kwa zaidi ya miaka 100, isipokuwa madukani kwetu.

Kwa nini homa hurudi? Bakteria huyu hubadili vazi. Mwili ukishamtambua na kuanza kumshinda, homa hushuka, mgonjwa huomba uji, majirani wanasema dawa imefanya kazi. Wachache waliobaki huvaa vazi jipya ambalo mwili haujaliona, huzaliana, na baada ya siku kadhaa homa inapanda upya. Kwa mjamzito ni balaa: mimba hutoka, au mtoto huzaliwa akiwa nayo akafa. Katika eneo la Mvumi, si mbali sana na mjini, watafiti waliyaandika haya tangu miaka ya 1990. Na dawa zipo, hazina bei ya kutisha: doksisaiklini kwa mtu mzima, penisilini au erithromaisini kwa mtoto na mjamzito. Ila zitolewe mbele ya mhudumu, kwa kuwa saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na presha kushuka ghafla.

Kinachotakiwa ni kumwona bakteria huyu. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni. Kimetuokoa wengi, sikikatai, lakini kinajibu swali moja tu. Yeye huonekana kwenye tone la damu lililotandazwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, na damu hiyo ichukuliwe homa ikiwa juu. Siku hizi hadubini nyingi zimefunikwa kitambaa, kwa sababu kile kipimo cha haraka kinajibu ndani ya dakika 20 bila kumchosha mtu macho.

Wafugaji nao wana somo lao, na walilipa ada kubwa. Mwaka 2007, baada ya mvua nyingi, ng'ombe, mbuzi na kondoo walianza kutupa mimba kundi zima. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi ulioelezwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931. Mayai ya mbu hulala mbugani yakiwa na kirusi ndani yake, miaka ya ukame yote, hadi maji yafurike. Tanzania iliandikisha wagonjwa zaidi ya 300 na vifo zaidi ya 140, na Dodoma iliumia kuliko mikoa mingi. Wengi waliambukizwa kwa mikono yao: waliochinja mnyama mgonjwa, waliozalisha, waliokamua. Hakukuwa na kidonge cha kumuua kirusi yule. Aliyesikiliza alipoambiwa asimguse ndama aliyetupwa alijiokoa.

Twende Kongwa, mkoani humu humu, kwa bakteria mwingine. Kongwa dunia inaikumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 ukafa mapema. Mabingwa wa macho wanaikumbuka kwa vikope, yaani trakoma. Huletwa na bakteria anayesafiri kwa vidole, kwa upande wa kanga unaofuta nyuso za watoto wote, na kwa inzi anayetua kwenye tongotongo. Akiambukiza mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu, kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho mpaka giza liingie. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa ndio walezi wa watoto. Katika miaka ya 1990 watafiti walivichukua vijiji sita vya Kongwa: vyote vilipata mafuta ya tetrasaiklini ya macho, vitatu vikahimizwa pia kuwanawisha watoto uso. Watoto ambao nyuso zao zilidumu safi walikuwa na vikope vikali kwa uchache zaidi. Najua mama aliyetembea mbali kwa ndoo moja huona kunawa uso ni anasa. Lakini lita moja ikimiminwa kidogo kidogo inatosha nyuso za nyumba nzima na za jirani.

Minyoo niipitie kwa haraka, kwa ajili ya wapenda kitimoto. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu tumboni. Na mayai ya tegu huyo, yanayotoka na choo cha mtu na kuishia kwenye mboga au mikono, yakimezwa huweza kuota ubongoni na kuleta kifafa. Mganga wa kienyeji atasema umerogwa. Choo kingetosha.

Kisha kuna ule mwaka 2016, ambao naukumbuka kwa huzuni ya pekee. Dodoma na Manyara watu walivimba matumbo, macho yakawa manjano, nyumba moja wakaugua pamoja, na mitaani ikasemwa kwamba umeingia ugonjwa wa ajabu unaoambukiza. Waliandikishwa wagonjwa 68, wakafa 20. Haukuwa ugonjwa wa kuambukiza hata kidogo. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya kuvu iliyoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka vema. Waliugua pamoja kwa sababu walikula sufuria moja. Anayekimbia jirani yake mgonjwa huku akiendelea kula mahindi yaleyale amemkosea jirani, na hajajiponya.

Mtaniambia: zahanati ni mbali, kupimwa ni pesa, duka liko mlangoni. Kweli. Lakini aliyenunua mseto mara tatu kwa homa isiyo malaria ametumia nauli ya kwenda na kurudi, na mgonjwa bado amelala. Wenye tembe, zibeni nyufa, sakafu ipigwe saruji mwezi mtakaopata, na kitanda kisiguse ukuta. Wenye zahanati, funueni hadubini.

Na wewe kijana wa duka la dawa, mdogo wangu, yule mama atarudi. Akirudi, kabla hujanyoosha mkono kwenye rafu, muulize homa iliondoka lini na imerudi lini, mtoto analala kwenye nyumba ya namna gani, na kama nyumbani kuna mnyama aliyetupa mimba. Kisha mwelekeze akapimwe damu leo, homa ikiwa bado iko juu.