Mtoto akiingia shule, mizani huenda wapi?

Wasee, tuongee ukweli. Mtoto hapa Kenya anapimwa uzani kliniki, inaandikwa kwa kitabu cha mama na mtoto, mpaka afike miaka 5. Akiingia shule, basi. Hata KDHS, ule utafiti mkubwa wa kitaifa, unapima walio chini ya miaka 5, halafu unarukia wa miaka 15 kwenda juu. Hapo katikati ni giza.

Ulaya walishtuka mapema. Tangu 2007, WHO na nchi za huko wanapima watoto wa miaka 6 hadi 9, kwa njia moja kila mahali, ndio nchi zilinganishwe. Leo ni zaidi ya nchi 30.

Utasema, "Shida yetu ni njaa." Sawa, lakini mizani haibagui: inaonyesha aliyekonda na aliyezidi. Darasa moja Nairobi linaweza kuwa na wote wawili.

Sharti langu ni moja: mtoto apimwe kando, namba isisomwe mbele ya wenzake. Kuitwa "kibonge" hakujawahi kumsaidia mtu. Tupime ndio tujue chakula cha shule kirekebishwe wapi, si ndio tupate wa kucheka. Ama unaonaje?