Mafua Yale Yale, Mapafu Mbalimbali

Mafua yaingiapo katika nyumba yenye watu saba hayawatendei wote sawa. Mmoja hupiga chafya siku mbili na kuendelea na kazi zake. Wa pili hulala juma zima. Na bibi wa nyumba, au mtoto mchanga, hupelekwa hospitali akihema kwa shida. Virusi ni vile vile, na pengine vimetoka katika pua ile ile. Katika vijiji vya Kahama jambo hili huelezwa kwa maneno matatu: "Huyo ana kifua." Maneno hayo si uongo, lakini huufunga mjadala mahali ambapo sayansi ingepaswa kuanza kuuliza. Kifua hicho kakipata wapi?

Yafaa ikumbukwe kwamba kirusi hakina uwezo wa kujizalia chenyewe. Hakina budi kuingia ndani ya seli ya mtu na kuifanya mtumwa wake. Kabla ya kufika hapo hukabiliana na ute wa pua na koo, pamoja na vinyweleo vidogo mno viusukumavyo ute huo kuelekea nje. Kikipenya, seli iliyovamiwa hutoa kemikali iitwayo intaferoni, iliyogunduliwa mjini London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni ni mbiu ya mgambo: seli jirani zikiisikia hufunga milango. Kingamwili, ambazo ndizo watu huzisikia zaidi, huja siku kadhaa baadaye, isipokuwa kwa mtu aliyekwisha kuugua ugonjwa huo au kuchanjwa.

Kuna watu ambao mbiu hiyo hailii. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, kundi la watafiti wa nchi nyingi wakiongozwa na Jean-Laurent Casanova lilionyesha kwamba angalau mgonjwa mmoja katika kila kumi waliokuwa mahututi alikuwa na kingamwili zinazoishambulia intaferoni yake mwenyewe. Hali hiyo huonekana zaidi kwa wanaume, na huongezeka sana baada ya umri wa miaka 70. Hivyo mzee aweza kuonekana mzima kabisa, analima na kuchunga ng'ombe, kumbe mlinzi wake wa kwanza amefungwa mikono na askari wa nyumbani.

Urithi nao una sehemu yake. Katika mwaka huo huo Hugo Zeberg na Svante Pääbo walitambua kipande cha kromosomu ya tatu, kilichorithiwa kutoka kwa binadamu wa kale waitwao Neandatali, kiongezacho hatari ya UVIKO-19 kali. Kipande hicho ni cha kawaida katika Asia ya Kusini na karibu hakipo kabisa Afrika. Wapo waliolipokea jambo hilo kwa furaha kubwa kuliko linavyostahili, kana kwamba Mwafrika amepewa hati ya usalama. Kanda ya Ziwa ina mzigo wake wa urithi. Uchunguzi wa watoto wachanga katika hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2018, ulimkuta takriban mtoto mmoja kati ya watano akiwa na jeni moja ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia akiwa na ugonjwa wenyewe. Mwenye jeni moja kwa kawaida hana tatizo. Lakini kwa mwenye ugonjwa, mafua ya kawaida yaweza kuamsha shambulio la kifua linaloua.

Hata hivyo jeni hazitoshi kueleza Kahama. Hapa hapana budi kulitazama jiwe.

Sehemu ya dhahabu ya ukanda wa Bulyanhulu na Geita imejificha ndani ya mishipa ya jiwe jeupe liitwalo kwatzi. Ili kuipata, mchimbaji mdogo hulichoronga jiwe hilo ndani ya duara, hulipasua kwa nyundo, kisha hulipeleka kwenye karasha lisagwe kuwa unga kabla ya kuoshwa kwenye mwalo. Unga unaoonekana kwa macho, ule unaoifanya nyusi ya kijana iwe nyeupe kama ya mzee, si wa kuogopwa sana, pua huuzuia. Wa hatari ni ule usioonekana. Punje zake hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako seli walinzi ziitwazo makrofaji huzimeza kama zinavyomeza vijidudu. Lakini kwatzi haimeng'enywi. Makrofaji hufa, punje huachiliwa, na makrofaji nyingine huja kuzimeza na kufa vile vile. Mahali pa mapambano hayo huota makovu, na mapafu hukakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya.

Vipimo vilivyofanywa katika machimbo madogo mkoani Geita, vilivyochapishwa mwaka 2015, vilionyesha kwamba mchorongaji wa chini ya ardhi alivuta vumbi hilo kwa kiwango cha zaidi ya mara 300 ya kile kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani. Juu ya ardhi kiwango kilikuwa mara nne. Ushahidi ulio imara kupita wote ni kwamba vumbi hili hufungua mlango wa kifua kikuu. Kwa virusi hoja ni nyepesi kuieleza: mapafu yenye makovu hayana akiba, na homa ambayo mwingine angeivumilia kitandani humkuta mchimbaji hana pumzi ya ziada ya kutumia.

Lakini vumbi lisifanywe jibu la kila swali. Katika homa kuu ya mwaka 1918 wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, ambao silikosisi ilikuwa imekwisha kuwatafuna kwa miaka mingi, walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wachimbaji wa almasi wa Kimberley, ambako zaidi ya watu elfu mbili walifariki katika kambi za migodi. Sababu kubwa inayotolewa ni kwamba Witwatersrand ilipitiwa kwanza na wimbi jepesi la ugonjwa lililotokea Durban, likawaachia watu kinga. Kimberley ilipokea moja kwa moja wimbi kali kutoka Cape Town. Historia ya mwili ilishinda hali ya mapafu.

Lishe nayo haidanganyi. Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura: 88 walipewa vitamini A, 92 hawakupewa. Katika kundi la kwanza walikufa 6, katika la pili 12. Idadi ni ndogo, lakini matokeo hayo ya mwaka 1987 yalikubaliana na ya kwingineko. Kuhusu moshi wa jikoni uangalifu wahitajika zaidi. Moshi hudhuru mapafu, hilo halina ubishi. Lakini jaribio lililofanywa Malawi kwa watoto zaidi ya 10,000, kwa kugawa majiko yenye moshi kidogo, halikupunguza nimonia. Majiko peke yake, katika kijiji ambacho taka zinachomwa na moshi wa jirani unaingia dirishani, hayakutosha.

Basi ni kosa kumwambia kijana wa karasha "jikinge" na kumpa kitambaa cha kufunga puani. Kitambaa hakizuii punje zile. Kinachozizuia ni maji: kuchoronga kwa maji, kulowesha jiwe kabla ya kulisaga, na kuliondoa karasha karibu na nyumba na shule. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga ulizinduliwa mwaka 2009. Mamlaka itoayo kibali cha karasha ingeweza kulifanya bomba, au tangi, kuwa sharti la kibali hicho, kabla ya kuuliza habari za ushuru.

Mwalimu wa biolojia aweza kuanza na vipande vinne vya kioo vilivyopakwa mafuta mazito. Viwekwe hatua 10, 50, 100 na 200 kutoka kwenye karasha, upande unakoelekea upepo, na wanafunzi wakae upande wa pili. Baada ya saa moja vitazamwe kwa hadubini, punje zihesabiwe, na mchoro upelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji.