Eti Kosa ni la Draiva

Basi likipinduka, kabla hata majeruhi hawajatolewa, watu wamekwisha kata shauri kwamba kosa ni la dereva. Tairi lilikuwa kipara, barabara ina mashimo, tajiri alijaza abiria kupita kiasi, hayo hayaulizwi. Naona tabia hiyo tumeihamishia kwenye kompyuta. Humo nako mna dereva wake, ile programu inayopeleka amri za kompyuta kwenye kadi ya michoro, ambayo mafundi wetu huiita draiva. Kioo kikizimika ghafla, kosa ni la draiva. Ing'oe, weka nyingine! Mimi nasema shauri hilo lina madhara kwa sisi tunaojitolea kompyuta zetu kwa hesabu za sayansi, na nitaeleza kwa kisa changu mwenyewe, ambacho si cha kujivunia.

Niwaeleze kwanza wasioijua kazi yenyewe. Mradi uitwao Einstein@Home ulianza mwaka 2005, ukiendeshwa na wanasayansi wa Ujerumani na Marekani. Data za darubini za redio na za vyombo vya kupimia mawimbi ya mvutano hukatwa mafungu madogo madogo na kupelekwa kwa watu wa kawaida duniani kote. Kompyuta ya nyumbani inapiga hesabu mwenyewe akiwa amelala, kisha inarudisha jibu. Malipo hakuna. Mwaka 2010 mume na mke wa jimbo la Iowa kule Marekani, pamoja na mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani, walipata habari kwamba kompyuta zao zimegundua pulsa, nyota ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiijua. Kisa hicho ndicho kilichonitia wazimu. Nami hapa Dar es Salaam, na mita yangu ya LUKU na joto la Februari, nikaitaka nyota yangu.

Nikanunua kadi ya mtumba, ya aina ile ambayo mwendo wake hupandishwa kiwandani kupita kiwango cha kawaida ili iuzike. Wiki ya pili kioo kikaanza kuzimika kwa kitambo, kikarudi na ujumbe kwamba draiva imeacha kujibu. Fundi akaing'oa draiva akaweka nyingine. Mara tatu! Mpwa wangu, mpenzi wa michezo ya kompyuta, akanihakikishia: "Mjomba, kadi ni nzima. Mimi nacheza saa tatu mfululizo, haizimi."

Hapo ndipo penye kosa kubwa la wapenda michezo. Katika mchezo, nukta moja ya picha ikikosewa rangi, kosa hilo linafutika katika sehemu moja ya sitini ya sekunde, wala jicho halioni. Tena kadi hupata nafasi ya kupumua kila mchezaji anaposimama. Katika hesabu za nyota kadi inakimbia kwa nguvu zake zote usiku kucha, na tarakimu moja ikikosewa jibu zima limeharibika.

Hatimaye nikapewa dawa ninayoichukia mpaka leo. Tangu toleo la Vista, Windows inaingoja kadi ya michoro kwa sekunde 2. Isipojibu, mfumo unaianzisha upya draiva. Nikaelekezwa kuingia ndani ya rejista ya Windows na kuzifanya sekunde hizo 10. Microsoft wenyewe wameandika kwamba vipimo hivyo ni vya majaribio na uchunguzi tu. Mimi nikavigeuza, na kweli kioo hakikuzimika tena. Nikatembea kifua mbele kwa miezi minne.

Siku nilipokagua orodha ya majibu yangu nililoa jasho. Karibu theluthi moja yalikuwa yameandikwa batili. Kwa kawaida fungu moja hupewa kompyuta mbili zisizojuana, na majibu yao yasipopatana, fungu hupelekwa kwa mtu wa tatu. Maana yake, kila nilipokosea, mgeni fulani asiyenijua alichoma umeme wake kurekebisha uchafu wangu. Nami nilidhani natoa sadaka!

Ukweli ulikuwa ndani ya kasha. Feni zilikuwa zimezibwa na vumbi, na ile grisi ya kupitishia joto ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Kadi ikipata joto ilijipunguzia mwendo, hatua moja ya hesabu ikapita sekunde 2, na Windows ikapiga kelele. Kelele ile ilikuwa ushahidi wa kweli, mimi nikaunyamazisha. Brashi ya rangi, grisi mpya, na kuushusha mwendo wa kadi kwa asilimia 10, vikamaliza matata yote. Nikazirudisha sekunde zangu 2.

Sisemi kwamba draiva haikosei kamwe. Windows inaweza kujiletea draiva isiyo na OpenCL, ile lugha ya hesabu ambayo miradi mingi huitumia, na hapo programu haitaiona kadi kabisa. Dawa yake ni kuchukua draiva kwa mtengenezaji wa kadi. Na kadi dhaifu, iliyo safi na isiyo na joto, huenda kweli ikahitaji kungojwa zaidi. Lakini hayo huamuliwa baada ya kupima joto, kufuta vumbi na kusoma orodha ya majibu.

Wapo watakaonijibu kwamba nikishusha mwendo nitapoteza pointi. Ndiyo, miradi hii hutoa pointi, na watu wazima wanashindania nafasi kwenye jedwali kama wapenzi wa Simba na Yanga, wakizichapa kadi zao kama punda wa mkokoteni. Basi na wanipite. Wiki iliyopita sikuwa na batili hata moja. Mpwa wangu ananung'unika kwamba mchezo umekuwa mzito kidogo. Nimemwambia kadi ni ya mjomba, na LUKU pia.