TUONGEE NYUMBANI: Kijana akisema anataka kujitolea

Mwezi huu tuongee juu ya neno moja linaloleta ubishi ndani ya nyumba nyingi: kujitolea. Kijana anasema, "Mama, nimejiandikisha kwenye kikundi cha kutunza miche." Mama anauliza, "Watakupa posho?" Kijana anajibu hapana. Basi, jioni nzima ni maneno.

Mama hana kosa kuuliza. Nyumba inataka kuni, maji na sabuni. Lakini kijana naye hana kosa. Tutazame mfano wa jirani, kwenye ziwa letu hili Tanganyika: Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye makao ya sokwe.

Julai 1960 Jane Goodall, msichana Mwingereza wa miaka 26, alifika Kigoma pamoja na mama yake, Vanne. Alikuwa anakwenda Gombe, ambayo wakati ule ilikuwa pori la akiba (ilikuja kuwa hifadhi ya taifa 1968). Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, fujo zikatokea, na Wabelgiji wengi wakavuka ziwa. Ndiyo, mmesoma vizuri: wakimbizi waliojaa Kigoma siku zile walikuwa Wazungu. Hoteli zilikosa nafasi, hata Jane na mama yake wakapiga hema kwenye kiwanja cha gereza. Lakini hawakukaa mikono mifukoni. Waliungana na watu wengine wa mji, wakatengeneza mikate 2,000 yenye nyama ya kopo, wakimbizi wapate kula. Hakuna aliyewalipa. Na sisi tunaojua kupanga mstari wa chakula tunaelewa mkate ule ulikuwa na maana gani.

Walipofika Gombe tarehe 14 Julai, Jane alipanda milima kutafuta sokwe. Mama yake je? Alikuja kwa sababu serikali ya kikoloni ilikataa msichana akae porini peke yake. Angeweza kukaa kwenye hema tu akingoja miezi ipite. Yeye alifungua zahanati ndogo kwa ajili ya wavuvi wa pale. Hakuwa daktari. Alikuwa na aspirini, bandeji, na maji ya chumvi ya kusafishia vidonda. Watu wakapona vidonda, wakaanza kuwaamini wale wageni wawili. Imani ile ilimsaidia binti yake kuliko barua yoyote ya serikali.

Sasa turudi kwa mama anayeuliza posho. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku, wakateka wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Baadaye wote waliachiwa, lakini watafiti wa kigeni walilazimika kuondoka. Wengi wangedhani kazi imekufa. Haikufa! Wanaume wa vijiji vya karibu, kama Hilali Matama na Eslom Mpongo, waliendelea kufuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona. Niseme wazi: hao walikuwa waajiriwa, walilipwa. Lakini kazi ilibaki mikononi mwao kwa sababu walikuwa wamejifunza kwa miaka. Mgeni huondoka, ujuzi hubaki na aliyeushika. Ndiyo faida ya kwanza ambayo kijana anaweza kuipata bila mshahara.

Faida ya pili inatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya nyama ya porini kwenye kambi za kaskazini-magharibi ya Tanzania. Ripoti ilipewa jina kutokana na maneno ya wakimbizi: "mchicha wa usiku", maana nyama ile iliuzwa na kupikwa gizani. Ripoti haikulaumu mkimbizi peke yake. Ilisema mgao haukuwa na nyama. Ni kweli, tumbo halina masikio. Lakini kijana anayeingia porini kuwinda anaweza kufungwa, na jina baya linatuangukia wote. Kijana anayepanda miti analeta jina jingine.

Na jambo hili limewahi kufanyika kambini. Roots & Shoots, vikundi vya vijana ambavyo Jane Goodall alivianzisha Dar es Salaam 1991 akiwa na wanafunzi 12, vilifika mpaka kambi ya Lugufu, kwa Wakongomani. Lugufu ilifungwa 2009, na Jane mwenyewe alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Lakini aliyejifunza kutunza mche hakuacha ujuzi wake Lugufu, alisafiri nao.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kusema ndiyo au hapana, muulize kijana wako maneno haya:

Kazi ni ipi, na utajifunza nini? Kama ni kubeba mizigo ya watu tu, hiyo si kujitolea, ni kutumiwa.

Nani anasimamia? Awe mtu anayejulikana na viongozi wa kambi. Mtu akidai pesa ili akupeleke kujitolea kwenye mbuga za mbali, mkimbie! Na usitoke nje ya kambi bila kibali.

Ni saa ngapi kwa wiki? Shule isiachwe, na kazi za nyumbani zisiangukie wasichana peke yao.

Mwisho utapewa barua au cheti? Siku ya kurudi nyumbani, au ya kwenda nchi nyingine, karatasi ile inaweza kusema kwa ajili yako.

Majibu yakiwa mazuri, mama, mwache aende. Na jioni akirudi na matope miguuni, usimuulize ameleta nini. Muulize amejifunza nini, halafu akufundishe na wewe.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.