Bei ya Kutu

Kijana wa Bunia anayetafuta gari kwenye matangazo ya Kampala na Nairobi hukutana mara moja moja na Datsun 240Z iliyolala uani miaka mingi: matairi yamezama kwenye udongo, viti vimechanika, taa hazipo. Bei yake inaipita ya Land Cruiser inayotembea. Akishangaa anaambiwa gari la kale ni mali, kila mwaka linapanda bei, kilichobaki ni fundi tu. Mimi nakataa.

Sifa za 240Z ni za kweli. Ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ila ushindi huo haulipi gharama ya kuchomelea.

Wauzaji hupenda kutaja 240Z ya mwaka 1971 iliyouzwa mnadani Marekani, Januari 2020, kwa dola 310,000. Gari hilo lilikuwa limetembea maili 21,000 hivi na halikuhitaji kufufuliwa. Aliyelinunua alilipia matunzo ya karibu miaka 50. Mfano huo unampinga muuzaji mwenyewe.

Injini yake ya silinda 6, lita 2.4, fundi hodari ataiamsha. Shida ni bati. 240Z haina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na kutu hupenda sakafu, boriti za chini, kingo chini ya milango na mahali pa betri. Hapo ni kukata, kuchomelea, kupima milango ifunge, kisha kukata tena. Vipuri vya Land Cruiser vinatufikia kutoka Kampala. Vya 240Z vinaagizwa ng'ambo, pamoja na usafiri na forodha.

Mji huu wa Bunia unajua kupima. Mnunuzi wa dhahabu ya Mongbwalu halipii mchanga bei ya dhahabu safi. Gari nalo lihesabiwe hivyo: chukua bei ya lililokamilika, toa bati, rangi, vipuri, usafiri na ujira wa fundi. Mara nyingi hakibaki kitu.

Anayelipenda kweli aende na fundi wa kuchomelea, walale chini yake, wachokoe boriti kwa bisibisi kabla ya kutaja dola hata moja. Muuzaji akikataza bisibisi, warudi nyumbani.