Wati za Kwenye Boksi na Wati za Garsen

Leo naweka programu pembeni. Nataka tuzungumze amplifaya, yaani kile chombo cha kukuza sauti, maana kuna ugomvi wa miaka mingi wa wenye pesa huko Ulaya na Marekani ambao sasa umefika mpaka Garsen, kandokando ya Tana, na safari hii kuna pesa za watu wasio nazo nyingi ndani yake.

Kwa asiyeujua ugomvi wenyewe: wapenda sauti wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wanaoamini masikio. Mwaka 1962 J. Gordon Holt alianzisha jarida la Stereophile kwa sababu aliona majarida ya wakati wake yanaorodhesha vipimo tu bila kusema chombo kinasikikaje. Wazo zuri kabisa. Lakini kutoka hapo ikazaliwa lugha ya ajabu: amplifaya hii ina "joto", ile ina "giza", nyingine "imeondoa pazia" mbele ya mwimbaji. Kambi ya pili ni ya wanaoamini mita. Hao siku hizi kinara wao ni Amir Majidimehr, aliyewahi kuwa mkubwa Microsoft, ambaye mwaka 2016 alianzisha Audio Science Review. Anaweka chombo mezani, anapima kelele na upotoshaji, anatoa namba. Mara nyingine chombo cha bei ya gari kinapitwa na kidude cha bei ya simu ya kawaida. Hapo ndipo matusi huanza.

Mimi niko kambi ya pili, sifichi, ila si kwa sababu ya mita peke yake. Niko huko kwa sababu ya kisa cha Bob Carver.

Mwaka 1985 Carver, mhandisi wa Marekani, aliwaambia watu wa Stereophile: nipeni amplifaya yoyote mnayoiheshimu, mimi nitaifanya ya kwangu ya transista, ya bei ya chini, itoe sauti ileile. Wakampa ya valvu ya bei kali. Alichofanya mtu yeyote anayeandika programu atakielewa mara moja. Unapotaka kujua faili mbili zinatofautiana wapi, huzisomi kwa macho mstari kwa mstari. Unaiambia kompyuta itoe moja kwenye nyingine na ikuonyeshe kinachobaki. Carver alifanya hivyo kwa umeme. Aliingiza muziki uleule kwenye amplifaya zote mbili, akatoa sauti ya moja kwenye sauti ya nyingine, akasikiliza mabaki. Kisha akawa anarekebisha ya kwake mpaka mabaki yakashuka karibu desibeli 70 chini ya muziki, yaani kiasi cha sehemu moja katika 3,000. Wahakiki waliposikiliza hawakuweza kuzitofautisha, na kwa heshima yao wakaandika hivyo hivyo. Baadaye kukazuka mzozo mwingine kama zile zilizotoka kiwandani zililingana kweli na ile ya majaribio, lakini hoja ilikuwa imeshasimama. "Uchawi" wa valvu unaweza kupimwa, na ukipimwa unaweza kunakiliwa.

Miaka miwili baadaye, 1987, jarida jingine, Stereo Review, likakusanya amplifaya kuanzia ya dola 200 na kitu hadi jozi ya dola 12,000 na kuwafanya watu wasikilize bila kujua ipi inacheza. Waamini wa masikio walikuwemo. Majibu yao yalikuwa sawa na kurusha sarafu.

Unaweza kuuliza: basi hawa wahakiki wote ni waongo? Hapana. Wanasikia kweli wanachokisikia. Tatizo ni kwamba sikio halifanyi kazi peke yake, linasaidiwa na jicho na bei. Na kuna mtego mdogo zaidi: ukiongeza sauti nusu desibeli tu, mtu hasemi "hii ina sauti kubwa zaidi," anasema "hii ni nzuri zaidi." Ndiyo maana jaribio la haki linataka vyombo vilinganishwe kwa tofauti isiyozidi sehemu moja ya kumi ya desibeli. Uhakiki gani wa video unafanya hivyo? Holt mwenyewe, kabla ya kufariki 2009, alilalamika hadharani kwamba fani aliyoiasisi ilikataa majaribio ya kusikiliza bila kujua unasikiliza nini. Muasisi! Mimi kwa hilo namvulia kofia.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Anayesema amplifaya zote ni sawa naye anapotosha. Baadhi ya za valvu hubadilisha besi na sauti za juu kulingana na spika uliyoifunga, na hilo linasikika. Na amplifaya yoyote ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, ikaanza kukwaruza. Sasa huko kupita uwezo ndiko tunakoishi sisi.

Njoo Garsen uone. Hapa mtu hasikilizi akiwa amekaa kwenye kochi mita mbili kutoka spika. Amplifaya ni ya harusi, ya msikiti, ya kanisa, ya baraza la chifu, ya mwanasiasa juu ya pikapu. Msikilizaji yuko mita 60, nje, kuna upepo. Jua ni kali, vumbi ni la bure. (Mto huu ndio uliotoa wimbo wa kubembeleza mtoto wa Kipokomo, ambao sauti yake ikawa ya wimbo wa taifa mwaka 1963, na hakuna aliyeuliza kama aliyeutunga alikuwa na valvu au transista.)

Tufanye hesabu, si ngumu. Uwanjani, kila umbali ukizidi mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Chukua spika ya honi, zile za msikitini, yenye kutoa desibeli 108 kwa wati moja ukiwa mita moja. Ipe wati 30: unapata karibu 123. Mita 64 kutoka hapo zimebaki kama 87, na tangazo linasikika vizuri. Sasa chukua spika ya sebuleni yenye kutoa desibeli 88 kwa wati ileile moja. Ili ifikishe sauti hiyohiyo kwa yule mtu wa mita 64, utahitaji wati 3,000, na itaungua kabla hujamaliza kusema "hamjambo." Honi haitakupa besi ya taarabu, najua, lakini umeona tofauti iko wapi? Iko kwenye spika. Mzozo wote wa amplifaya ghali na rahisi unapigania vipande vya desibeli, na hapa kuna desibeli 20 zimelala chini hazina mwenyewe.

Halafu kuna wati za kwenye boksi. Mbele imeandikwa 5,000 PMPO kwa herufi za dhahabu. Igeuze. Nyuma, kwa herufi za mchwa, kuna kiasi cha umeme kinachoingia: wati 60. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya kinachokula, hata kikiombewa dua. Marekani waliwawekea watengenezaji sheria ya jinsi ya kutangaza wati tangu 1974, wakaifanyia marekebisho 2024. Wewe na mimi sheria yetu ni kugeuza boksi.

Na umeme wenyewe? Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote yako juu ya mto huuhuu, yanawasha taa za nchi, na bado huku chini vipo vijiji vya Tana ambavyo harusi yake inategemea betri ya volti 12 na paneli ya sola. Amplifaya ya volti 12 isiyo na sehemu ya kupandisha volteji, ukiifunga spika ya omu 4, haiwezi kuzidi wati 18 hivi kwa kila upande. Ni fizikia, andika elfu moja kwenye kibandiko ukitaka. Hata mjini, waya ukiwa mrefu na volti zikashuka kutoka 240 hadi 180, amplifaya yenye transfoma ya kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwa betri mimi ningechukua zile za daraja D bila kufikiri mara mbili: zinapeleka karibu asilimia 90 ya umeme kwenye spika, hazichemki, na betri inafika mwisho wa harusi.

Nayaandika haya kwa sababu kuna chama cha vijana hapa ambacho kimechanga zaidi ya mwaka mzima ili kinunue mitambo ya kukodisha. Pesa zinatosha kitu kimoja: amplifaya kubwa ya kuagizwa ambayo mmoja wao ameona ikisifiwa kwenye video kwa "joto" lake, au ya kawaida ya daraja D pamoja na honi nne, betri mbili na maikrofoni nzuri. Wakiikosea, hakuna harusi itakayowarudishia, na kuna akina mama kadhaa ndani ya hicho chama ambao mchango wao ulitoka kwenye maembe.

Nimewapa ushauri wangu. Nimewaambia pia wasiniamini. Rafiki yangu mmoja Malindi yuko tayari kuwaazima amplifaya kama ile. Tutaweka zote mbili nyuma ya shuka, tutazilinganisha kwa mita ya fundi, na anayedai anasikia tofauti ataje ipi inacheza, mara 16. Akipata 12 au zaidi nitanyamaza, maana kwa kubahatisha tu kufika hapo ni nafasi isiyofika 4 katika 100.

Mweka hazina amekubali. Wengine wamekubali. Bwana wa "joto" naye amekubali, ila ana sharti moja tu: swichi aishike yeye, na shuka iwe nyepesi.